Sufuria Juu ya Boneti

Injini ya kwanza ilifia Ipole
na ndoo arobaini za asali mgongoni.
Haikulia. Ilikohoa mara mbili,
ikatema mvuke, ikanyamaza,
nami nikakaa mchangani na kijana wangu Masele
tukitafuna masega
mpaka lori la tumbaku lilipotuonea huruma.

Datsun ya mwaka sabini na nne.
Kadi inasema rangi ni krimu, ujazo elfu moja na mia mbili.
Krimu ilishahama zamani.

Fundi Lugusha wa Ng'ambo, nyuma ya mashine ya kukoboa,
akalala chini yake, akatoka, akajifuta mikono kwenye suruali.
"Hii tusiifufue, mama Kabula. Tuizike.
Iko Hiace imebinuka Nzega, bodi imekuwa chapati,
injini haina mkwaruzo. Elfu mbili kamili.
Anataka sita na nusu.
Ukimkuta hajanywa chai, sita."

Nilikuwa na laki tisa na elfu ishirini.
Na bahasha ya ada ya Kabula, chini ya godoro,
ambayo sikuihesabu humo,
ila nilijua imelalia upande gani.

Nzega nilifika bado giza. Sita.

Wanaume sita, nguzo moja ya mninga, kamba ya kisimani:
tukaiinua, tukaishusha, haikuingia.
Tukaigeuza kidogo. Haikuingia.
Lugusha akachukua msumeno
akakata chuma cha mbele, akakichomelea chini zaidi,
akafua mikono ya kuishika kutoka springi ya lori,
na raba za kati akazikata kwenye katambuga zake mwenyewe,
akarudi kwake peku.

Propela ilikuwa ndefu mno.
Tukaipeleka kwa mzee Bundala, mstaafu wa karakana ya reli,
akaikereza, akaipunguza inchi nne,
akaizungusha polepole sikioni kama anayesikiliza saa.
Elfu arobaini,
na chupa ya asali kwa kikohozi cha mkewe.
Rejeta ya Kenta, sitini. Gesi na vyuma, tisini.
Usafiri, thelathini. Fundi, tisini, na aliona aibu kuzipokea.
Ikabaki elfu kumi.

Na boneti haifungi!
Kabureta imetokeza juu
kama magoti ya mtu mrefu kwenye kitanda cha mtoto.
Nikaenda jikoni, nikarudi na sufuria la ubwabwa,
lile lililotoboka kwenye arobaini ya shemeji.
Lugusha akatoboa boneti kwa tindo,
akalifunika kifudifudi, boliti nne.
Hakucheka. Mimi nilicheka mpaka nikashika ukuta.

Ilipowaka, kuku wa jirani walihama.
Kipya kinyemi, nikakanyaga mafuta,
na kizee kikaruka, kikanipeleka
hadi kivuko cha reli, geti limeshuka,
treni ya Kigoma inapita.
Nikakanyaga breki. Breki ikasema, subiri.
Nikavuta ya mkono, nikashindilia gia,
tukasimama sufuria likigusa geti,
na abiria wa daraja la tatu wakanipungia mikono
wakidhani nawasindikiza.

"Mwendo tumeupata," alisema Lugusha, macho chini.
"Breki bado ni za yule marehemu."
Za Hiace ziko palepale Nzega. Laki moja na themanini.

Jioni hiyo niliinua godoro.

Kabula alihesabu Jumapili, kidole kikilowa mate,
akahesabu tena.
"Mama, imepungua."
"Haijapungua. Nusu iko gurudumu la kulia,
nusu la kushoto."
Akanitazama kama mwalimu anavyomtazama mwanafunzi
aliyepata jibu kwa njia asiyoifundisha.

Kesho ni Ipole, ndoo sitini.
Shule inafunguliwa baada ya wiki tano.
Masele anauliza kama sufuria tulipake krimu.